Pasi za Namba Nane

Jumamosi iliyofuata tulishinda, tena mbili bila. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii hunikatiza katikati aulize kama tulishuka daraja. Hatukushuka. Haya, sasa nisikilizwe.

Ninayotaka kuyaeleza ni ya Jumapili iliyotangulia, mwezi wa Juni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chumba cha kufulia nguo chini ya jengo letu kule Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, mwisho kabisa wa reli. Nilikuwa nasomea unesi. Nilikaa chumba kimoja na msichana kutoka Kisumu aliyekuwa akisomea ufamasia, na sisi wawili, pamoja na watu wengine kama kumi hivi, tulikuwa washabiki wa timu ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Timu ilicheza ligi ya vyuo, kwenye viwanja vya kokoto ambavyo ukianguka unaamka na goti limemenyeka kama kiazi. Jezi zilikuwa seti moja tu, za kijani, na ilikuwa lazima zifuliwe kila wiki.

Hapo ndipo washabiki tulipojipatia madaraka. Wachezaji walikuwa wavivu wa kufua, sisi tukasema sawa, tutafua, lakini kwa sharti letu. Kila Jumapili alasiri tulishuka na gunia la jezi, tukawasha mashine, tukakaa juu ya mabeseni tuliyoyapindua, na mechi ikajadiliwa upya toka dakika ya kwanza. Mchezaji alikuwa marufuku kukanyaga mlangoni. Jezi zikishakauka tulizikunja moja moja, namba ikae juu. Lakini kama wengi tumekubaliana kwamba fulani ametuangusha, jezi yake haikukunjwa. Ilitupwa ndani ya gunia hivyo hivyo, imejikunyata. Nahodha akifungua gunia na kuikuta namna ile, basi mwenye jezi anakaa benchi, hakuna cha kubembeleza. Mtu mzima, mwanafunzi wa uhandisi, niliwahi kumwona anatokwa machozi kwa sababu ya fulana yenye makunyanzi.

Jumapili hiyo jezi iliyokuwa mashakani ilikuwa ya Namba Nane.

Simtaji jina, na enzi zile hatukumtaja pia. Alikuwa kijana wa Mwanza, mrefu, mkimya, akijifunza kazi kwenye kiwanda cha mashine karibu na Tumba, na alikaa huko huko peke yake katika chumba kilichotazama reli. Hakwenda kwenye dansi, hakuwa na mpenzi, barua alizipata kwa nadra. Mpira ndio uliomtoa nje. Ukimnyima mpira yule unakuwa umemfungia ndani, na kila mtu pale chini alilijua hilo.

Na Namba Kumi na Moja alikuwa wangu. Nalisema waziwazi, umri wa kulisema ninao.

Huyu alikuwa wa Lushoto, anasomea mambo ya misitu, mwembamba, ana mbio za kutisha. Yeye na Namba Nane walikuwa na pasi yao moja. Namba Nane akipata mpira katikati hakuinua hata kichwa. Aliupiga mrefu kushoto, nyuma ya beki, mahali ambapo hapana mtu. Wageni wa uwanjani walicheka, wakidhani amekosea. Kisha ghafla mtu alikuwepo. Mimi nilisimama upande ule kila Jumamosi, karibu na kibendera cha kona, na alinipita karibu mno kiasi kwamba kokoto zilinirukia miguuni. Yapo maneno matamu aliyoniambia ambayo nimeyasahau. Kokoto zile sijazisahau, na mpaka leo nikizikumbuka moyo unanienda mbio.

Desemba ufadhili wake uliisha, akaondoka. Alisema atarudi Agosti kwa shahada ya pili. Posa yake ilishapokelewa kwetu Tanga, na Stockholm nzima, kwa maana ya watu wetu, waliniita shemeji. Uwanja wa ndege tulimsindikiza watu wawili, mimi na Namba Nane. Mimi niliambiwa yangu. Namba Nane aliambiwa hivi, kwa sauti ya utani: "Nishikie nafasi yangu, bwana." Yule naye akaitikia kwa kichwa, kama aliyekabidhiwa ofisi.

Theluji ilipoyeyuka ligi ikaanza, na jezi namba kumi na moja akapewa Mganda mmoja, mtu mwema sana, mzito wa miguu, aliyetaka mpira aletewe mguuni kama chai. Namba Nane akaendelea kupiga pasi ile ile. Mrefu, kushoto, nyuma ya beki. Mpira unatua palepale, unadunda mara mbili, unatoka nje. Mganda anainua mikono. Namba Nane anaomba radhi, na baada ya dakika tano anarudia.

Mwishoni mwa Mei nikapata barua. Karatasi ya bluu, upande mmoja tu. Serikali imempangia kazi Iringa. Masomo ya pili hayapo tena. Nyumbani wamemtafutia mtu, na yeye hakuweza kukataa, nami nisimsubiri. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaiweka chini ya sanduku. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wote waliniita shemeji asubuhi na jioni, na kila waliponiita niliona kama bado sijaachwa.

Nitasema na jingine ambalo ni la aibu. Wiki zile tatu nilikwenda uwanjani kwa ajili ya zile pasi mbovu. Kila mpira uliotua pembeni yangu bila mtu, mimi nilimwona anaufuata. Timu ilikuwa inafungwa na mimi roho yangu inaburudika. Mungu anisamehe.

Basi, Jumamosi ile tukafungwa mbili kwa moja na wanafunzi wa udaktari wa meno, watu ambao hata kukimbia walikimbia kwa adabu. Tulibakiwa na mechi moja kabla ya mapumziko ya Julai na msimu mpya wa Agosti, na tusiposhinda tunashuka daraja. Jumapili chumba cha kufulia kilijaa.

Kikao kiliongozwa na mwenyekiti wetu, mtu wa makamo kutoka Singida aliyekuja kujifunza uchapaji wa ramani. Mkenya aliyesomea uhasibu alikuwa na kijitabu chake, maana kila mechi aliandika pasi ya kila mtu ilikoishia.

"Huyu jamaa ametumaliza," alisema Mkenya, akigonga kijitabu kwa kalamu. "Cheki hapa. Kushoto, nje. Kushoto, nje. Kushoto, nje. Hata dakika ya mwisho senta fowadi yuko peke yake, anapiga kelele, yeye anapiga kushoto! Kwani ana kizunguzungu?"

"Amechoka," mtu akasema.

"Amechoka nini? Mbona ana nguvu za kuutoa nje?"

Watu wakacheka. Mimi hasira zikanipanda. "Wee bwana, acha hizo," nikamwambia. "Pasi hazina kasoro. Zote zinatua mahali pamoja, unaweza kuweka sahani pale. Aliyepungua ni wa kuzipokea."

Mkenya akafunga kijitabu. Nikajua nimeropoka.

Mwenyekiti akanitazama kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. "Ni kweli, binti," akasema. "Sote tunajua anampigia nani. Sasa tuseme ukweli, hii timu ina mambo mawili. Kama mwenzake anarudi Agosti, mimi niko tayari kumvumilia. Tukimvunja moyo sasa, Agosti tutakuwa na winga asiye na wa kumlisha. Kama harudi, basi tunacheza na mtu ambaye nusu yake haipo, na heri tumpumzishe." Akageuka kabisa kwangu. "Wewe ndiye unayepata barua, shemeji yetu. Anarudi?"

Mlangoni alikuwa ameshafika mama wa Kisweden wa ghorofa ya tatu, kapu lake mkononi, saa yake ya kufua inaanza saa kumi kamili na wao hawana mchezo na mambo hayo. Aliangalia saa ya ukutani, akatuangalia sisi. Watu kumi na wawili walikuwa wananisubiri.

Nilijua vizuri nilichokuwa nimekishika. Nikisema harudi, jezi ya Namba Nane inatupwa ndani ya gunia bila kukunjwa, na pasi ile haitapigwa tena. Nikisema anarudi, itapigwa Jumamosi, na mimi nitasimama kwenye kibendera cha kona.

"Anarudi," nikasema. "Agosti."

"Haya, imekwisha," akasema mwenyekiti, na akaikunja jezi mwenyewe, polepole, namba juu.

Kwenye ngazi yule mwenzangu wa Kisumu alinishika mkono. Alikuwa msichana wa maneno machache. "Umewadanganya," akasema.

"Umejuaje?"

"Tangu ile barua ije hujaimba bafuni hata siku moja. Mimi nikadhani mtu amefariki." Akaniachia mkono. "Sikiliza, dada. Kulia, lia, mimi nitakupikia uji. Lakini Jumamosi huyo kijana akiutoa nje tena na tushuke daraja, watamla nyama. Yeye, si wewe. Hiyo ni haki?"

Nilimjibu vibaya, maneno ambayo nilikuja kuyaombea radhi. Kisha nikarudi chini, nikaichukua jezi ile kutoka kwenye gunia, nikapanda basi mpaka Älvsjö na treni mpaka Tumba.

Ilikuwa saa moja jioni na jua bado liko juu kama la alasiri, jua lile la Juni la kule ambalo halimwonei mtu huruma. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Namba Nane nilimkuta nje ya jengo lake, peke yake, anapiga mpira ukutani na kuupokea. Aliponiona alifurahi, na moyo wangu ukazidi kuwa mzito.

"Karibu, shemeji! Wamenikata?"

"Hawajakukata. Jezi yako hii hapa, imekunjwa."

Akaipokea kwa mikono miwili. Uso ulimkunjuka, akaonekana mdogo kuliko umri wake. "Nilijua wataelewa," akasema. "Ni Juni na Julai tu. Na Julai ligi inapumzika. Mimi najitahidi nisiisahau ile pasi, unajua? Miguu inasahau haraka. Akija anikute niko vilevile."

Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi kwenye treni yakaniruka.

"Haji," nikasema. "Kapangiwa kazi Iringa. Anaoa, au ameshaoa, sijui. Nimewadanganya pale chini. Usipige tena kushoto, kaka. Mpe Mganda mpira mguuni. Hapana mtu kule."

Na hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, barabarani, mbele ya Wasweden waliokuwa wanatoa mbwa wao matembezi. Barua nilikuwa nimeisoma mara mia, lakini neno lile kwa mdomo wangu lilikuwa halijatoka, na lilipotoka nikajua nimeachwa kweli. Nilitaka kurudi Tanga usiku uleule. Nilitaka anipite mbio mara moja tu. Nilimtaka, basi, nilimtaka kwa namna ambayo hata sasa, na wajukuu wangu wananijibu Kiswidi, sijui kuieleza.

Namba Nane alisimama na jezi kifuani, akingoja nimalize. Treni ikapita, ikaenda zake.

"Barua ilikuja lini?" akauliza.

"Wiki tatu."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani atakasirika, na ningemkubalia, maana wiki tatu nzima nilimwacha achekwe na watu hali ninajua. Nikamwambia anitukane akitaka.

"Hapana," akasema. Aliitazama ile namba mgongoni mwa jezi, akailainisha kwa kiganja ingawa ilikuwa imenyooka. Sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu anayeomba kitu kidogo ambacho muda wake umeshapita.

"Ungeniacha nimngoje tu mpaka Jumamosi, shemeji."

Habari zikaenea, na toka siku ile mjini Stockholm hakuna aliyeniita hivyo tena.