Maboksi ya Duka Langu la Nchiru

Mkopo ule ulinivutia kwa jambo moja tu: mdhamini alikuwa serikali. Nilikuwa na duka la vifaa vya umeme pale Nchiru, na kila benki niliyoingia ilitaka hati ya shamba. Shamba lenyewe lilikuwa bado kwa jina la marehemu baba mkwe, na mashemeji zangu walikuwa hawajakaa kikao hata kimoja kuligawa. Niliposikia kwamba safari hii wenye biashara ndogo watakopeshwa bila hati, nilijaza fomu siku hiyo hiyo, na nilijaza kwa ukweli.

Nilikuwa na haraka. Mwenye hosteli ya wanafunzi wa chuo iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya barabara alikuwa ameniahidi kazi yote: nyaya, soketi, swichi na taa za ghorofa nne. Sharti lake lilikuwa vitu vifike kabla chuo hakijafunguliwa. Oda kama hiyo sikuwa nimewahi kuiona, na bila mkopo nisingeiweza.

Benki ikasema afisa atakuja kukagua duka. Sasa, sisi wa maduka haya tuna mtindo wetu. Ukiuza balbu ya mwisho, boksi hulitupi. Unalirudisha kwenye rafu, picha ikitazama mlango, maana mteja akiona rafu tupu anaenda kwa jirani. Robo tatu ya duka langu ilikuwa hewa, na nilikuwa nimezoea hata sikulifikiria jambo hilo. Nilipangusa vumbi, nikapika chai ya maziwa, nikamngoja mgeni.

Alikuwa mtu mzima mwenye sweta, mpole. Alisimama katikati ya duka, akahesabu rafu kwa ncha ya kalamu.

"Madam, stoki yako iko sawa kabisa," akasema. "Hii duka haihitaji lon ya serikali. Hii lon ni ya watu wamekwama."

Nikapanda stuli. Nikashusha maboksi matatu, nikayafungua mbele yake.

"Ofisa, hizi hazina kitu. Hata mimi nimekwama."

Aliyatazama, akachukua fomu yangu.

"Fomu inasema vitu ni kidogo. Duka inasema ni mingi. Sasa niandike gani?"

"Andika ya fomu. Hiyo ndiyo ya ukweli."

"Na wateja wako unawaambianga gani?"

Nikayarudisha maboksi kwenye rafu. Akamaliza chai, akashukuru, akaenda. Barua ilipokuja ilisema mwombaji haaminiki. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Serikali ilikuwa tayari kunidhamini. Maboksi niliyoyapanga kwa mikono yangu ndiyo yaliyonikana.

Wiki mbili baadaye lori la duka jingine la Meru mjini likashusha nyaya pale hosteli, mimi nikitazama kutoka kaunta. Mchana huo fundi wao akavuka barabara. Alikuwa amepungukiwa na tepu ya kufungia nyaya, akataka kumi.

Nikanyoosha mkono. Boksi la kwanza tupu. La pili tupu. La tatu lilikuwa na tepu moja, nikamwekea kwenye kaunta na kumwambia zingine zimeisha.

Akainua macho, akazitazama rafu zangu zilizojaa hadi dari.

"Mama," akaniuliza, "kwani mimi nimekukosea nini hutaki kuniuzia?"