Bomba la Bushi na Geti la Jirani

Askari alichomoa risasi moja kwenye magazini ya bunduki yake, akaitumbukiza ndani ya bomba la kaka yangu. Ikapita. Haikukwama popote. Iliteleza mpaka upande wa pili ikaangukia kiganjani mwake, naye akaiinua juu, sisi sote tuliopanga foleni pale bariyeri, kizuizi cha barabarani, tuione.

"Haya, hii ni nini?"

"Ni bushi, afande. Bushi za gari."

"Gari liko wapi?"

"Liko nyumbani. Bado hatujalimaliza."

Wenzake wakacheka. "Gari bado, lakini bunduki iko tayari!"

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Nilikuwa nyuma ya kaka, watu sita wameshajipenyeza kati yetu. Mfukoni nilikuwa na boluti.

Lazima nieleze hiyo boluti. Tulikuwa mafundi Kicukiro, mimi na kaka, shule tuliiacha mapema. Mwaka wa tisini tulikuwa tunajiundia gari letu wenyewe. Injini tuliitoa kwenye gari lililopinduka, chasisi tukaichomelea. Ilibaki mikono ya mbele, ile inayoshika magurudumu. Kila mkono unachezea kwenye bushi: nje mpira, ndani kipande cha bomba la chuma, na boluti inapita katikati. Mpira tulikata kwenye tairi kuukuu. Bomba ndilo lililotusumbua. La maji ni laini, na lina mshono ndani unaokula boluti. Kaka hakulitaka kabisa.

"Mkono ukichomoka tukiwa kwenye mteremko, utanishika wewe?" aliniambia.

Wiki tatu tulitafuta, na kila tulipoenda tulibeba ile boluti. Ikiingia bila kulegea, bomba ndilo lenyewe. Tulilipata Gikondo, gumu, lisilo na mshono, limetoka kwenye mashine ya kahawa iliyokufa. Boluti iliingia kama imezaliwa humo. Fundi aliyetuuzia akachukua msumeno, atukatie palepale vipande vya urefu wa kidole. Angevikata, hakuna askari ambaye angeviita bunduki.

Kaka alikataa. Na alikataa kwa sababu ya mtu.

Asubuhi ile kiongozi wa selire yetu, yaani mkubwa wa mtaa, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikuja kutazama gari. Alikaa kwenye kiti cha dereva, kiti cha vyuma vitupu, akapiga honi kwa mdomo, tukacheka sote. Kisha akasema, "Wanangu, mkilipata hilo bomba msilikate. Nileteeni zima, kwanza nijikatie bawaba za geti langu. Litakalobaki ni lenu."

"Sawa, mzee."

Ungemkataliaje mtu anayegonga muhuri kwenye karatasi zako?

Basi kaka akalibeba zima begani, mita moja na nusu. Vita vilikuwa vimeanza kule mpakani, na kila siku watu walikamatwa, wakaitwa ibyitso, wasaidizi wa adui. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi, na changu vilevile. Njiani nilimsihi tulifunge kwenye gunia. Akasema tukilificha ndiyo watatuua.

Pale bariyeri, aliyekaa kwenye kigoda na daftari magotini alikuwa yeye, jirani yetu. Kaka alipomwona niliona mabega yake yakishuka.

"Mzee, hebu waambie. Si bomba la bawaba zako hili?"

Jirani alilitazama bomba. Akamtazama askari. "Bawaba gani? Mimi sijui habari za bomba."

"Huyu unamjua?"

"Namjua kwa sura."

Kwa sura! Mtu aliyekunywa bia yetu Jumapili, kwenye ua wetu.

Wakamtupa kaka kwenye pikapu. Hakugeuka kunitazama. Alijua akinitazama, na wao watanitazama. Mimi niliibana boluti mpaka meno yake yakachora kiganja changu. Ningetoka mbele, ningeiingiza ndani ya bomba wakaona kazi yake. Mguu haukunyanyuka. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi aligeuka kurudi alikotoka, nami nikatembea ubavuni mwake kana kwamba nimekuja naye.

Mwaka uliofuata wengi waliokamatwa siku zile waliachiwa. Kaka hakuwamo. Na mwaka huohuo jirani alifunga geti jipya. Nilipita karibu nikatazama bawaba: nne, za bomba lisilo na mshono, zimekatwa vizuri. Geti lilifunguka bila kulia. Yeye alisimama hapo, nikamwamkia, akaitikia. Niliogopa. Mpaka tisini na nne nilikuwa namwamkia kila asubuhi.

Ya tisini na nne, mauaji ya mwaka ule, aliyakiri kwenye gacaca, mahakama ya wanakijiji, akafungwa, akatoka. Ya bomba hakuyagusa, na mimi sikunyoosha mkono kumuuliza. Hata siku ile niliogopa. Sasa amezeeka, anaota jua mbele ya geti lilelile.

Langu nimeshalisema: boluti ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Sasa sema lako, mzee. Bomba lilipelekwa pamoja na kaka kwenye pikapu moja, likiitwa bunduki. Lilirudije kwako likawa bawaba? Nani alikukabidhi, na alipokukabidhi alikuambia kaka yangu wamemwacha wapi? Sikuambii uniombe msamaha. Nijibu.