Wikio wa Malindi

Harufu ya chokaa mbichi ndiyo inayonirudisha utotoni, hapa hapa Malindi, mtaa wetu wa Mji Mkongwe, Unguja. Masika yale mvua ilipiga mpaka kuta za nyumba yetu zikatoa jasho na boriti za dari zikanuka ukungu. Nilikuwa na miaka minane, nimeachwa na mama aliyevuka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. "Kaa na Bibi, nnarudi," aliniambia bandarini. Nikakaa. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa watu wawili: mlango wa mbele uliojaa nakshi, ngazi za giza, vyumba virefu vyembamba ambavyo ukikohoa katika kimoja kinakujibu kingine. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Akishaniambia nile na nioge, basi, anarudi kwenye tasbihi yake. Wallahi nilikuwa mpweke, wala sioni haya kulisema.

Raha yangu ilikuwa wikio. Watoto wa leo hawaujui: ni kijidaraja cha ghorofani chenye paa, kinachovuka uchochoro na kuunga nyumba mbili, ili wanawake wa zamani watembeleane bila kushuka njiani. Wetu ulikuwa na vidirisha vya mbao, na kupitia hivyo niliona miavuli ya wapita njia. Upande wa pili aliishi Bi Zuwena, mdogo wake Bibi, tumbo moja, mcheshi, mwenye kashata na hadithi zisizokwisha. Kila alasiri nilivuka kwake. Bila yeye ningezungumza na nani, paka?

Ila wenyewe wawili walikuwa hawasemeshani. Chanzo ni wikio huo huo. Ulikuwa umeoza, na fundi alishasema usipotengenezwa utabomolewa kabla haujamwangukia mtu. Akija mgeni kuusifu, kila mmoja alisema ni wake. Ikija habari ya chokaa na boriti, alaa, ni wa mwenziwe! Wangeshirikiana ungesalimika, lakini nani aanze kusema?

Basi nikajitia upatanishi. Bi Zuwena alikuwa na mvi tele na mgongo umepinda, nami kwa akili yangu nikaamini yeye ndiye mkubwa. Nikavuka, nikamwambia, "Bibi anakupa shikamoo." Akaacha kusuka ukili wake wa mkeka.

"Nani? Dada anipe shikamoo miye?" Akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. "Mwongo we! Hebu nipishe."

Akajitanda kanga, akavuka wikio kwa mara ya kwanza tangu nifike pale, akasimama mlangoni petu. "Shikamoo, dada."

Nilikuwa nyuma yake. Niliiona tasbihi ikisimama kidoleni mwa Bibi. Alisikia. Neno moja tu lilitakiwa, marahaba, na hakulitoa. Bi Zuwena alingoja, akarudia kwa sauti ndogo, akageuka. Nilisikia komeo la mlango wake likishuka.

Mafundi walikuja kabla masika hayajakwisha. Waliubomoa wikio, wakaupigilia misumari mlango wetu wa juu, maana sasa ulifungukia hewani. Nikabaki na honi za meli, kila moja nikidhani imemleta mama. Alirudi, lakini miaka ilishapita na mimi nilishazoea kimya. Bi Zuwena aliuza nyumba, akahamia Bububu, akafia huko. Bibi alikwenda msibani, akarudi kwenye tasbihi yake. Lakini uzeeni mwake, kila alasiri alijikokota hadi mlango ule wa misumari, akakaa chini, nami nikamsikia: "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba."

Siku hizi nyumba ya pili ni hoteli. Mashimo ya boriti bado yapo ukutani, na nimemsikia mtembeza wageni akiwaambia ni alama za mizinga ya vita. Lo! Sikumsahihisha. Bibi hayupo, watoto wangu nawaona kwenye simu tu, na ghorofani nimebaki mimi na kiti changu, karibu na mlango ule ule. Juzi msichana anayetandika vitanda vya wageni alifungua dirisha ng'ambo ya uchochoro akung'ute shuka, akaniona kupitia dirisha langu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" niliitikia hapo hapo, kwa sauti kubwa mpaka akashtuka, shuka likamponyoka likaanguka njiani.