Klavye ya Urbain

Mimi nashona nguo. Kati ya cherehani yangu na kompyuta ya Émérence kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mambo yake nayasikia hata nisipotaka, na mara nyingi nataka. Émérence huwachapia watu maandishi: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, matangazo ya kanisa. Huchapa macho yake yakiwa mlangoni. Vidole vinakimbia vyenyewe juu ya klavye, yaani ile kibodi yenye herufi, na yeye anatazama kila pikipiki inayoshusha mtu mwenye begi.

Anamngoja mume wake, Urbain. Huyo alikwenda Manono kuchimba madini, akasema ni kwa msimu mmoja tu. Huu ni mwaka wa pili. Huko mtandao ni wa kubahatisha, na kila anapoupata anaandika neno lilelile: nakuja. Mimi neno hilo limeshanichosha. Émérence bado analisoma akitabasamu.

Urbain hajui kuchapa. Hutafuta herufi kwa kidole kimoja, akiwa amebana midomo. Lakini kusafisha klavye ilikuwa kazi yake. Kila Jumamosi aliigeuza, akaipigapiga mgongo kama mtoto mchanga aliyeshiba, makombo ya mkate yakaanguka, kisha akapitisha brashi katikati ya herufi huku akimtania mke wake kwamba anaila klavye badala ya kuichapa. Siku ya kuondoka alimwambia asiiguse, ataisafisha mwenyewe akirudi. Maneno ya mtu anayefunga mzigo! Émérence aliyashika yote.

Basi klavye ikachafuka. Vumbi la barabara, chai ya sukari, magamba ya dagaa kutoka mikononi mwa wateja. Herufi zikaanza kunata. E ukiibonyeza ilizama isirudi. Nilimwambia mara nyingi aisafishe, akajifanya hasikii. Nilikasirika, lakini nilimwelewa. Akiisafisha yeye, atakuwa amekubali kwamba Urbain harudi.

Ikaendelea hivyo mpaka siku Mama Rachelle, mwalimu wa shule ya msingi, aliporudi na mitihani yake mkononi.

"Mama Émérence, angalia. E haiko! Batoto batajibu nini apa?"

"Unisamehe, Mama. Ni iyi klavye."

"Sasa utengeneze iyo klavye, ao nitapeleka kazi fasi ingine."

Dada yake Émérence, Lydie, aliyeolewa Kigoma ng'ambo ya ziwa, alitaka kumnunulia mpya na kuituma kwa boti. Akamtumia hata picha ya ile aliyoiona dukani. Émérence akakataa katakata. Mpya hapana, alisema, afadhali kuosha hii. Akalia kidogo, bila sauti, kisha akaja kwangu kuomba mswaki wa zamani.

Tuling'oa herufi moja moja kwa ncha ya kisu, tukaziosha kwa sabuni kwenye beseni, tukazianika juu ya chekeche. Tulipomaliza kusugua, tukakwama. Ipi inakaa wapi? Vidole vya Émérence vinajua, lakini macho yake hayana habari. Muulize M iko wapi, ataanza kupapasa hewa. Ndipo akakumbuka picha ya Lydie. Tukaweka simu mbele yetu, tukapanga herufi zote kama tulivyoziona pale.

Ikawa safi kabisa. Alichapa upya mitihani ya Mama Rachelle, E zote zikatoka, nami upande wangu nikafurahi. Halafu nikasikia ameacha kuchapa. Nilipochungulia, alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Mama Reine," akaniambia, "imetengenea. Sasa Urbain hana tena kazi apa."

Nikarudi kwenye cherehani, nikaendelea kushona.

Kesho yake asubuhi akaja Papa Toussaint, katekista wetu, na tangazo la kwaya. Mzee huyu hupenda kubonyeza neno la mwisho mwenyewe. Akainama, akaitafuta A, akaipata, akamalizia neno lake kwa fahari. Kwenye skrini, badala ya Amina, pakatokea: Q,inq.

"Ee, Mama! Iyi ni luga gani?"

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Émérence akaiangalia klavye, safari hii kwa macho, akaelewa. Klavye za Kigoma hufuata mpango wa Kiingereza, zetu upande huu wa ziwa ni za Kifaransa, na baadhi ya herufi hazikai mahali pamoja. Tulikuwa tumeivalisha klavye yetu nguo za Tanzania. Yeye alichapa sawasawa tangu jana kwa sababu vidole havisomi. Mtu wa kutafuta herufi kwa macho ndiye anayepotea.

Akachukua kisu. Akairudisha M mahali pake. Akazibadilisha nafasi Z na W. Akatia ncha chini ya A, akaiinua kidogo, akatulia. Kisha akaibonyeza chini tena, polepole, mpaka ikashika, na kisu akakirudisha mezani.

"Na iyi A, Mama?" akauliza Papa Toussaint. "Unaiacha ku fasi ya Q?"

"Iyo uiache, Papa. Urbain akikuya, ataandika jina yake. Itatoka mubaya. Atasema: leta kisu."