Siku Marguerite Aliponyimwa Ruhusa kwa Kura

Wengi wenu mmewahi kunyimwa ruhusa na bosi. Hiyo ni kawaida ya dunia. Marguerite alinyimwa ruhusa kwa kura.

Kura kabisa. Mikono juu, mikono chini, na mtoto wa miaka sita akahesabiwa kama mtu mzima.

Na siku aliyoiomba ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi.

Mnacheka. Ngojeni kwanza. Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Bwiza, tunachota maji bomba moja, na mwisho wa mambo haya nilibeba kreti ya Fanta kichwani mpaka juu Kiriri, kilimani kwa matajiri. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nimezua.

Marguerite ni mpishi. Mumewe alifariki zamani, akamlea binti yake Fabiola peke yake, kwa mikono hiyo hiyo inayokaanga samaki aina ya mukeke wa watu wengine. Anapika kwa Landry.

Huyu Landry nimweleze vizuri. Baba yake aliuza saruji mpaka nusu ya mji ikasimama juu ya mifuko yake. Mtoto akapelekwa Ubelgiji kusoma biashara. Akarudi na ndevu na neno moja: kamarade.

Nyumba ya baba aliirithi. Iko Kiriri, ukikaa kwa barza ya mbele unaona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Hiyo hakuikataa. Alichokataa ni neno "bosi".

"Hapa hakuna bosi," aliwaambia Marguerite na Amissi, zamu anayelinda lango. "Nyumba hii ni yetu sote. Mambo yote tutaamua kwa komite, na tutakula meza moja."

Amissi, ambaye mdomo wake haulali, aliuliza kama gari nalo ni la wote. Landry akacheka, akampiga bega, akamtuma na gari hilo kupanga foleni ya mafuta. Amissi akalala humo garini mpaka watoto wake wakaanza kumsahau sura. Landry aliita hiyo mshikamano.

Na ile meza moja, jamani. Zamani wale wawili walikula nyuma jikoni, bugali kwa mkono na umbea kwa mdomo, raha mustarehe. Sasa wanakaa na uma, Landry anawafundisha habari ya mtaji, mboga yao ya sombe inapoa.

"Jirani, usawa unachosha," Marguerite aliniambia siku moja bombani. "Zamani nikimaliza kupika, nilikuwa nimemaliza."

Basi ikaja habari ya Fabiola. Kijana mmoja wa Nyakabiga, fundi wa friji, akasema anataka kuleta dot, yaani mahari. Familia zikakaa, zikachagua tarehe moja Mei, kwa sababu siku hiyo kila mfanyakazi yuko huru.

Kwetu dot haipokelewi bila mama. Kuna kitenge cha mama, kinaletwa kimekunjwa, na wakwe wenyewe wanamvisha mabegani. Mama asipokuwepo, kitenge kinarudi kilikotoka na shughuli inalala. Fabiola alikwisha kumkosa baba. Kumkosa na mama siku hiyo ni kuambiwa mbele ya watu kwamba hana kwao.

Marguerite akaenda kuomba.

"Kamarade, kwa nini unaniomba mi?" Landry alishangaa. "Mi si bosi. Peleka kwa komite."

Jioni komite ikakaa. Landry, mke wake Danielle, watoto wao wawili, Amissi na Marguerite. Watoto nao wana kura, maana Landry husema watoto ndio tabaka linaloonewa kuliko yote.

Alieleza jambo kwa huruma kubwa. Tarehe moja Mei makamarade wanakuja nyumbani, kuna karamu, kuna majadiliano juu ya haki za wafanyakazi wa nyumbani. Marguerite akiondoka, nani atapika? Na tena, nani atatoa ushuhuda?

Akainua mkono wa kukataa. Danielle aliangalia kucha zake, akainua. Mtoto mkubwa akamfuata mama. Irène, yule mdogo, aliuliza siku hiyo nani atamtengenezea mandazi. Alipoambiwa hakuna, akainua mikono yote miwili. Wakamhesabia mmoja.

Nne kwa mbili.

"Wananchi wamesema," Landry akatangaza. Halafu akamkumbatia Marguerite. "Pole, kamarade. Hata mi ningeshindwa, ningekubali."

Ni kule kukumbatiwa ndiko kulikomliza. Bosi wake wa kwanza, muuza vitambaa, alikuwa akiombwa ruhusa ananuna, anagombeza ukuta, mwishowe anasema "enda". Huyu amemkumbatia, na haendi popote. Na hata kumkasirikia hawezi, atamwambia akasirikie kura.

Alishuka Bwiza macho mekundu. Dada yake mkubwa, Consolée, anayeuza mafuta ya mise, yaani mawese, sokoni, akamsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"We, nyumba ile ni ya nani?"

"Anasemaka ni yetu sote."

"Anasemaka mbele ya watu?"

"Kila siku."

"Basi iko vizuri. Kama mama haendi kwa dot, dot itaenda kwa mama."

Marguerite akashika kichwa. "Dada, watanifukuza."

"Fabiola anatolewa dot mara moja. Samaki ya kukaanga, utaikosa wapi?"

Marguerite hakulala usiku huo, hilo najua kwa sababu ukuta wetu ni mmoja. Lakini asubuhi alipotoka kwenda kazini, hakusema apana.

Tarehe moja Mei ikafika. Mafuta ya gari mji mzima hakuna, kwa hiyo hakuna msafara wa magari wala honi. Tukapanda mlima kwa miguu. Wakwe walitoka Nyakabiga, sisi Bwiza, tukakutana chini ya kilima. Wanawake wamevaa kitenge kimoja, kreti ziko vichwani, nyimbo zimekolea. Mbele kabisa anatembea mzee Murhula, baba mkubwa wa kijana, na jembe jipya begani, maana nchi hii jembe ni sehemu ya dot.

Huko juu makamarade wako mezani. Marguerite amekaanga tangu alfajiri, amehudumia, na sasa amekalishwa kati yao na uma mkononi. Profesa mmoja akamwinamia kwa upole.

"Kamarade, huo unyonyaji, unausikia wapi zaidi, kwa roho ao kwa akili?"

"Kwa miguu," Marguerite akajibu.

Wakaandika.

Hapo ndipo nyimbo zetu zilipowafikia. Wakakimbilia kwa barza, wakaona umati unapanda barabara, umevaa sare, unaimba, na jembe liko mbele.

"Ni wafanyakazi," profesa akatangaza. "Na wakulima wako pamoja nao."

Landry alikuwa akiingojea siku hiyo tangu Ubelgiji. Akashuka ngazi mwenyewe, mbio. Amissi alikuwa langoni, anajua kila kitu, uso mkavu kabisa.

"Kamarade, nifungue?"

"Fungua. Fungua lango lote."

Tukaingia. Landry amesimama kwenye ngazi, ngumi juu. "Karibuni. Nyumba hii ni yenu. Ingieni, mukae, museme mulichokuja kudai."

Nawaambia ukweli, wakwe walifurahi mno. Mzee Murhula alisema amepeleka dot nyumba nyingi, hajawahi kupokelewa hivyo. Consolée akampita Landry kama anapita kwake, akaanza kupanga watu. Viti vikaisha, tukakalia masofa. Fabiola akapitishwa jikoni, akafichwa huko mpaka aitwe, kama desturi inavyotaka.

Landry akaona kreti zinapangwa. Akaona kitenge kimekunjwa juu ya sinia. Akamsogelea Marguerite, akanong'ona, lakini mimi nilikuwa karibu na kreti yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni dot ya Fabiola, kamarade."

"Nani amekupa ruhusa?"

Marguerite alimtazama. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa Landry. Akaweka uma mezani. Akasimama, akasema kwa sauti ya kufika mpaka langoni.

"Kamarade Landry anauliza habari ya ruhusa. Basi tupige kura, vile tunafanyaka siku zote. Nani anataka dot ifanyike hapa?"

Makamarade wakatangulia, profesa mikono miwili. Irène akainua, amekwisha kupewa Fanta. Danielle akainua bila kuangalia kucha. Wakwe hawakujua ni kitu gani, wakainua kwa adabu tu.

Landry akazungusha macho. Simu za watu zinamrekodi. Akainua wa kwake polepole, kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Basi dot ikapokelewa. Mzee Murhula akakunjua kitenge, akamvisha Marguerite mabegani, juu ya aproni ya jikoni ambayo alisahau kuivua. Fabiola alipoiona ile aproni akacheka, halafu akalia, na mama yake hivyo hivyo. Mimi nililia pia, sitaficha.

Usiku Landry akatuma picha kwenye mtandao: "Leo tumefungua nyumba yetu kwa wananchi." Sifa zikamiminika mpaka kutoka Ubelgiji. Kwenye picha, yeye ndiye ameshika jembe.

Mnadhani yameisha.

Kesho yake komite ikaitwa. Landry akapendekeza kwamba kamarade Marguerite arudishiwe uhuru wake.

"Maana yake nini?" Amissi akauliza.

"Maana yake afukuzwe," Danielle akasema.

Wanaotaka wainue mikono. Ukainuka mmoja, wa Landry mwenyewe. Danielle mikono yake iko mapajani. Irène akauliza wale watu wa nyimbo watarudi lini.

Landry akakunja kitambaa chake cha mezani, mara mbili, vizuri.

"Komite imevunjwa. Kuanzia leo, bosi wa hapa ni mi."

Hiyo haikupigiwa kura.

Amissi alishusha pumzi, akachukua sahani yake, akaenda kula jikoni. Marguerite akamfuata na ya kwake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Bosi."

"Nini tena?"

"Siku ya harusi ya Fabiola, nitaomba ruhusa."

Landry akanuna. Akaugombeza ukuta kuhusu watu wasio na shukrani, akauliza yeye atakula nini siku hiyo, akaguna. Halafu akasema:

"Enda. Lakini uache umepika."

Marguerite aliniambia pale bombani kwamba kidogo tu amkumbatie.

Sasa sisemi tajiri asiwapende masikini. Awapende, na nyumba yake kubwa akae nayo, aliachiwa na baba yake. Ninasema na wenzangu mnaofanya kazi kwa watu. Mtu akikwambia wewe na yeye mko sawa, usimbishie, na usimpigie makofi. Muombe ruhusa ya siku moja, halafu usikilize atakavyojibu.