Pampu Ikimeza Hewa

Sauti ile ninayo masikioni mpaka leo. Kwanza ngurumo nzito, kama mashine ya kusaga iliyoshiba mahindi. Halafu ngurumo inapanda, inakuwa nyembamba, inakuwa mluzi. Pampu inakohoa mara mbili tatu, na mpira wa kurushia uliokuwa umejaa maji unalala chini kama utumbo wa mbuzi. Hiyo ndiyo pampu ikimeza hewa.

Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, uani mwa kituo chetu kidogo cha zimamoto pale Kibiti. Fundi Pampu, ambaye kazi yake ilikuwa kuilea ile mashine kama mtoto, aliifanya makusudi. Alikuwa ametumbukiza mpira wa kunyonyea kwenye pipa la maji. Mpira ule ni mgumu, haubonyei, na mdomoni una chujio la chuma la kuzuia takataka. Pampu ilipokuwa inanguruma vizuri, akalinyanyua chujio nje ya maji.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

"Imesema nini?"

"Sijui, Afande. Imelia tu."

"Imesema mmenidanganya. Mliniambia maji yapo, na maji hayapo." Akalirudisha chujio pipani. "Pampu haina dhambi, Siwema. Inameza unachoipa. Ukiilisha hewa dakika chache, inaungua ndani, na nyumba ya mtu inaungua nje."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba la Salale, kwetu kwenye mikoko, na ndoto kubwa kuliko mwili wangu. Nilitaka kukaa kiti cha mbele cha gari jekundu, king'ora kinalia, watoto wanakimbia pembeni. Nikapewa redio koli. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti kinachopinda, kupokea taarifa za moto na kuziandika kwenye daftari. Nilifurahi hivyo hivyo. Nilikuwa naifuta ile redio kila asubuhi mpaka Fundi Pampu akauliza kama nitaipeleka unyagoni.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Kibiti ilikuwa inachangamka kando ya barabara, kila mara duka jipya, na nyuma ya duka dumu la petroli limefunikwa gunia. Hata sisi tulivaa soko huria. Sare za zamani zilikuwa zimekwisha, tukaletewa makoti ya moto ya mitumba kutoka nje. Langu lilifika magotini, na mgongoni liliandikwa jina la mji ambao hakuna kati yetu aliyeujua. Pampu nayo ilikuja na kitabu cha lugha ngeni. Fundi Pampu alikisoma kwa picha.

Mkuu wa Kituo alikuwa amezima moto mjini miaka mingi kabla hajaletwa kwetu. Mtu mrefu, wa maneno machache, anayekagua viatu kabla ya kukujibu shikamoo. Kule alikotoka maji yalikuwa yanatoka kwenye mdomo wa bomba la barabarani. Unafungua kwa ufunguo, yanakuja. Huku kwetu bomba la barabarani halikuwapo, lakini yeye alitufundisha kama lipo, kwa sababu ndivyo kitabu chake cha mafunzo kilivyosema. Amri kwa wakati ule ilishuka tu. Ilitoka kwa Mkuu, ikaenda kwa kiongozi wa kikosi, ikaishia kwa mshika bomba. Haikuwa na ngazi ya kupandia.

Kila kiangazi, watu wanapochoma mashamba na upepo umekauka, Mkuu alihamishia pampu ndogo kijijini Mbuchi kwa wiki kadhaa. Pampu ile watu wanne waliweza kuibeba. Tuliipeleka kwa gari mpaka mwisho wa barabara, tukaipakia kwenye boti, tukapiga kambi kando ya kijito, karibu na nyumba za makuti. Mwaka wangu wa kwanza akaamua nifuatane nao. Alisema nawajua watu wa maji na wao wananijua.

"Na Fundi Pampu je?" nikauliza. "Yeye mtu wa vilima vya Umatumbi, maji ameyaona kwenye mtungi."

"Mtani wangu huyu," akasema Fundi Pampu, "amezaliwa na magamba. Tukizama nitamkalia mgongoni."

Moto ulitokea asubuhi, saa mbili hivi, siku ya tatu ya kambi. Jiko la nje lilishika, upepo ukaurusha kwenye paa, na paa lile lilikuwa hatua chache kutoka kihenge cha Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mjane wa makamo, mwenye mashamba mawili ya mpunga na mdomo wa kutosha kuyalinda. Ndani ya kihenge kile mlikuwa na mbegu yake yote ya mwaka unaokuja.

Kikosi kilikwenda vizuri, nasema kweli. Pampu ikawekwa ukingoni mwa kijito, chujio ndani ya maji, mpira wa kurushia ukakunjuliwa, pampu ikanguruma. Mimi nilisimama na redio yangu nikiangalia kijito. Mwezi ulikuwa umepevuka jana yake. Kwetu siku hizo huitwa bamvua. Maji hujaa sana, na yakiondoka huondoka kwa haraka na kwenda mbali. Mizizi ya mikoko ilikuwa imeanza kutoka, bado inang'aa, na kaa wadogo walikuwa wanatembea juu ya tope.

Nikamsogelea Mkuu. "Afande, samahani. Maji yanatoka hayo."

"Nimekusikia, Siwema. Shika redio."

Nikashika redio. Nilisema mara moja tu, tena kwa sauti ya kuomba radhi, kwa sababu yeye alikuwa Mkuu na mimi nilikuwa msichana wa redio. Hazikupita dakika kumi. Ngurumo ikapanda, ikawa mluzi, pampu ikakohoa. Chujio lilikuwa limelala juu ya tope. Mpira ukalala. Moto ukavuka hatua zile chache.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Wanaume waliangusha makuti ya nyumba za pembeni na moto ukaishia hapo. Lakini kihenge kilikwenda. Bi Somoe aliketi chini na pakacha moja la mpunga, ndilo alilowahi kulitoa. Nikaenda kumpa pole. Akanitazama.

"Wewe si mtoto wa Salale?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Umezaliwa juu ya maji. Hukuwaambia?"

"Niliwaambia, bibi."

"Uliwaambia, au ulinong'ona?"

Akafunga pakacha lake kwa ukili. "Mwakani," akasema, "kukiwaka moto hapa tutaangusha makuti kama babu zetu. Nyie bakini na pampu yenu."

Maneno yale yalinikaa. Kituo cha zimamoto kisichoitwa hakina kazi, na moto ulio hatua chache tu kutoka kihenge hauwezi kuzimwa na watu wa makuti peke yao. Nilijua kama Mbuchi hawatatuita tena, kihenge kitakachofuata nacho kitakwenda, na safari hii huenda mna mtoto amelala.

Kesho yake Mkuu alitukalisha mduara. Ilikuwa desturi yake baada ya kila moto kuuliza kila mtu alifanya nini. Siku zote redio ilikuwa haiulizwi. Alipomaliza kuwauliza wanaume nikanyoosha mkono.

"Afande, mimi nilijua."

Akakagua viatu vyangu, kisha akaniangalia usoni. "Nakumbuka. Ulisema."

"Nilisema polepole, Afande. Ningepiga kelele, tungehamisha chujio mapema."

Nilingoja anifukuze. Fundi Pampu akaanza kukwaruza tope kwenye buti yake. "Ulisema polepole," akasema Mkuu, "kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kusema polepole. Kuanzia leo tuna neno moja. Simama. Akilisema yeyote, hata mpishi wa kambi, sote tunasimama tumsikilize. Hata ikiwa amekosea, hataadhibiwa."

"Hata akikuambia wewe, Afande?" akauliza Fundi Pampu.

"Mimi nani, mwana wa mfalme?"

Vijana mlioko kazini leo mmelikuta neno hilo kwenye mafunzo na mnaliona la kawaida, kama mkanda wa kiti. Kwetu lilikuwa kama kuambiwa umpige baba mkwe.

Mama yangu kule Salale alitoa mbegu kidogo, tukampelekea Bi Somoe. Alipokea, hakutabasamu. Lakini nilipomwomba anifundishe maji vizuri, alikubali. Mimi niliyajua kwa macho, yeye aliyajua kwa hesabu. Kila siku, alisema, maji yanachelewa kwa muda wa kutwanga mpunga wa mlo mmoja na kuupika. Ukijua ya leo, ya kesho unayo mkononi. Akanifundisha bamvua, akanifundisha na maji mafu, zile siku ambazo maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Nikapata kipande cha ubao, nikakipaka masizi, nikawa naandika kila asubuhi kwa chaki: yanajaa saa ngapi, yanaisha saa ngapi. Mkuu akanipa cheo kisichokuwa kwenye kitabu, mwangalia maji. Redio nikabaki nayo vilevile.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa tena Mbuchi. Moto ulianzia kwenye banda la mnunuzi wa kambamiti, mle mlimokuwa na mafuta ya boti. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku za bamvua. Safari hii nyumba iliyokuwa upande wa upepo ilikuwa ya Bi Somoe mwenyewe, na kihenge kipya ubavuni mwake. Watu walikuwa tayari juu ya makuti, wakiyaangusha. Hawakuwa wametuita. Tuliuona moshi tu.

Mkuu alikimbia na pampu pamoja nasi, akaonyesha kijito kwa kidole. "Chujio hapa."

Kijito kilionekana bado kina maji ya kutosha. Ubao wangu ulisema yanaisha saa tano, na nilijua mahali pale hukauka kabla ya hapo.

"Afande, hapana."

"Siwema, si sasa."

Nikavuta pumzi. "Simama."

Lilitoka kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu. Fundi Pampu akaganda na chujio mkononi. Watu wa juu ya makuti wakageuka. Uso wa Mkuu ulikuwa na hasira, niliiona, na moto ulikuwa unapasua mabua ya banda nyuma yake. Akakunja ngumi, akaikunjua.

"Sema."

"Hapa maji yana robo saa tu. Tuyateke sasa hivi tuyaweke kwenye mtumbwi, chujio liingie mtumbwini. Watu wapokezane ndoo kutoka kule kwenye kina."

"Mtumbwi wa nani?"

Mtumbwi ukiburutwa na kujazwa maji nchi kavu unaweza kupasuka, na mtumbwi ni mguu wa mtu. Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wangu," akasema. "Chukueni, mnanitazama nini?"

Tukauburuta mpaka karibu na pampu. Wanawake wakapanga mstari, ndoo zikaanza kupita, sufuria, madumu yaliyokatwa vichwa. Fundi Pampu akawa anafungua na kufunga, anapiga maji kwa vipindi, akisikiliza sauti ya mashine kama mkunga. Kila ngurumo ilipoanza kupanda, alifunga, akangoja mtumbwi ujae, akafungua. Nyuma yetu kijito kilikauka mpaka tope. Banda la mnunuzi liliungua lote. Paa la Bi Somoe liliungua ukingo mmoja, mkubwa kama jamvi. Kihenge hakikuguswa.

Mtumbwi ulipata ufa. Kikosi kiliuziba kwa siku mbili, Mkuu mwenyewe akishika nyundo. Bi Somoe alipita kutukagua.

"Afande mrefu," akamwambia, "umekubali kusimamishwa na binti?"

"Nilikubali mwaka jana, mama. Mwaka huu nimelipa tu."

"Basi mwakani msingoje kuona moshi. Tutatuma mtu."

Na kweli wakawa wanatuma, Mbuchi, kisha Salale. Mimi nilipelekwa kozi mjini, nikarudi mshika bomba, baadaye kiongozi wa kikosi. Nilikwenda Ruaruke kufundisha vijiji kupanga mstari wa ndoo, nikizunguka na koti langu la mji usiojulikana. Kiti cha mbele cha gari jekundu nilikipata, nikakuta king'ora kinaumiza masikio. Nilisimamishwa kwa neno lile na wadogo zangu kazini mara nne. Mara tatu walikuwa sahihi, na ile ya nne niliwashukuru hivyo hivyo, ingawa nilisaga meno.

Mkuu alistaafu kabla yangu. Aliyemfuata alikuwa kijana mwenye elimu na kompyuta, na kisha tukahamishwa kutoka halmashauri kwenda kwenye jeshi la zimamoto, tukapata vyeo na sare zinazotutosha. Nayapenda mabadiliko haya. Sitamani kurudi kwenye koti la magotini. Ubao wangu ulikuwa umehamia ukutani kituoni Kibiti siku nyingi, na wageni walikuwa wakiuliza ubao wa maji wa nini mahali pasipo na pwani. Siku hizi vijana wanayatazama maji kwenye simu, na simu inasema sawa na Bi Somoe, nimelinganisha. Yeye ametangulia mbele ya haki. Mwanawe analima mashamba yale yale, na amenihakikishia kwamba mbegu ni ya ukoo ule ule.

Siku yangu ya mwisho waliniandalia soda na pilau. Mkuu kijana akasema maneno mazuri, Fundi Pampu akaja na mkongojo kunitania, kwamba samaki amestaafu. Wote walipotoka kupiga picha barazani, nilirudi ndani kuchukua mkoba. Kwenye ubao yalikuwapo maji ya leo, niliyoyaandika asubuhi. Nikayafuta kwa kiganja. Nikahesabu mpunga wa mlo mmoja, kutwanga na kupika, nikaandika ya kesho.