Kitwana na Pini ya Mama Mkwe

Mwaka ule mlima Nyiragongo ulipomwaga moto hadi katikati ya Goma, mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Bunduki walikuwa nazo tele. Koleo, hawakuwa na hata moja. Njia ya Mapendo ilizibwa na mawe meusi, na katapila lililokuwa bado zima lilikuwa moja tu, kuukuu, la Kitwana.

Kitwana alikuwa mtu wa vicheko, ila kwenye grisi hakuwa na mchezo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alilizunguka katapila na pompe, bomba la grisi, mkononi. Ili asisahau tundu lolote la kupigia grisi, kila moja alikuwa amelipa jina la ndugu wa mkewe, Faida; nani anaingia kwa wakwe akasalimia nusu ya watu?

"Jambo, shemeji Aboubacar," angesema, akifuta tundu kwa kitambaa, maana ukipiga grisi juu ya vumbi la volkano unasukuma mchanga ndani ya chuma. Kisha angesukuma mpaka grisi ya zamani itoke, nyeusi tii. "Umeshiba? Bien. Jambo, shangazi Mwamini."

Tundu la mwisho lilikuwa la pini inayoshika bamba la mbele, chini kabisa, na hulifikii bila kupiga magoti. Hilo lilikuwa la mama mkwe, Mama Nasiba.

Asubuhi ya kufungua Mapendo, wanawake waliotoka Kituku, ufukweni mwa ziwa, walikuwa wamejipanga na beseni zao za samaki, wakingoja njia ya kwenda sokoni. Na mbele yao wote, karibu kabisa na bamba, nani? Mama Nasiba mwenyewe!

Kitwana akainama, akainuka. Amtaje mkwe mbele ya macho yake, na kitambaa kichafu mkononi? Haya ikamshinda. Akaliruka tundu lile, akapanda kitini.

"Washa basi, muzee!" akafoka mwanajeshi aliyesimamia kazi.

Bamba likauma mawe, na papo hapo likaanza kulia: kwiii! Kila msukumo, kilio kikazidi. Pini ilikuwa inatafunwa na vumbi, na ikikatika, nyingine ya kuiweka hakuna Goma nzima. Mapendo itabaki chini ya mawe. Akazima.

"Shida gani?"

"Kuna mutu sijasalimia, shefu."

"Mutu gani?"

Kitwana akashuka na pompe yake. Mwenzake Kamate, aliyekuwa akipanga mawe kando, akashindwa kujizuia. "Mama mukwe yake! Ile pini inaitwa Mama Nasiba!"

Wanawake wakaangua kicheko, beseni zikayumba vichwani. Mama Nasiba akasogea hadi kwenye bamba, akalikagua.

"Kumbe ni mimi niko nalia hivi?"

"Mama, unisamehe..."

"Nikusamehe nini? Unaniacha na kiu juu ya haya yako? Piga magoti, unisalimie. Samaki yangu iko naharibika!"

Kitwana akapiga magoti, akafuta tundu, akapaza sauti: "Jambo, mama!"

"Jambo, mwanangu."

Grisi nyeusi ikatoka, bamba likanyamaza. Jua lilipofika utosini, Mama Nasiba alikuwa wa kwanza kupita na beseni lake. Jioni wakubwa wa waasi wakaja kupigwa picha juu ya barabara ambayo hawakuinulia hata jiwe.

Tangu siku hiyo, kila alipopita hapo asubuhi, Mama Nasiba alisimama na kuuliza: "Umenisalimia leo?"

"Wa kwanza, mama. Kabla ya Aboubacar."